Goti la Don Eleuterio

Miaka minne nilidhani anahesabu.
Shavu lake kwenye paji langu, midomo ikichezacheza,
nami nikijisemea: mzee huyu, fundi makochi wa Boedo,
bado anabeba hesabu ya hatua kichwani
kama anavyohesabu misumari ya kuwambia ngozi ya kiti.

Klabu yetu ni uwanja wa mpira wa kikapu.
Jumapili wanakunja nyavu, wananyunyiza poda sakafuni,
na ile mistari ya rangi inabaki pale pale chini ya viatu.
Tunacheza tango ndani ya boksi la mtupo huru.

Nilitoka Chernihiv na masanduku mawili.
Kihispania changu kilikuwa cha dukani:
mkate, nusu kilo, chenji, samahani.
Cha nyimbo sikuwa nacho, wala sikukitafuta.
Muziki unatosha, niliwaambia wanawake wa mezani kwetu,
fidla ikilia simhitaji mkalimani.

Na kweli nilicheza. Mguu wangu ulijua
bandoneoni inapovuta pumzi na inapoishusha.
Ila wimbo mmoja, ule wa saa ya ukutani,
Don Eleuterio alikuwa akikwama.
Daima pale pale: ubeti wa pili, karibu na mwisho.
Anasimama, uzito wote juu ya mguu wa kushoto,
pigo moja, mawili,
kisha tunaendelea kama watu walioruka dimbwi.

Goti, nilisema. Miaka sabini na tisa si mchezo.
Nikajifunza kumsitiri:
nachora viduara kwa ncha ya kiatu,
kimoja, kingine, watazamaji wasijue.

Kisha ikaja baridi ya Julai. Tanuri la kiwandani likafa,
nikakaa nyumbani siku tisa na redio.
Wakaupiga. Nilikuwa namenya viazi.
Neno la saa nikalitambua. Kisha la ukuta.
Kisha, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba,
nikaiona nyumba nzima:
mke anatoka, saa ameikumbatia kwapani, anaipeleka kwa fundi;
ukutani pamebaki duara jeupe;
na mume kila jioni hulitazama duara lile
apate kujua ni saa ngapi.

Kisu kikatulia ndani ya kiazi.
Miaka minne! Nisilolijua lilikuwa usiku wa giza,
nami nilikuwa nikiucheza kwa viatu vyekundu,
nikichora viduara.

Jumapili iliyofuata nilitega sikio.
Hahesabu. Anaimba, chini kwa chini,
neno kwa neno, nyuma kidogo ya mwimbaji.
Tukafika ubeti wa pili, karibu na mwisho.
Mwimbaji akasema: hakurudi.
Yeye akasema: akarudi.

Akasimama. Pigo moja, mawili,
muda unaomtosha mtu kufungua mlango,
kuiweka saa mezani,
kuvua koti.

Nélida, anayetunza makoti pale mlangoni,
alianza kunieleza ni nani, na mwaka gani.
Nikamwomba aishie hapo.
Mji huu una miaka yake
ambayo watu walitoka mara moja tu, dukani.

Siku hizi tukifika pale sichori kitu.
Naweka miguu pamoja. Nasimama naye.
Mkono wake mgongoni mwangu unalegea kidogo,
kama mkono wa mtu aliyezoea kungoja peke yake
akashtuka kuona kiti cha pili kimevutwa.
Watazamaji wanasema nimepungukiwa na ufundi.
Labda.

Goti lake halina neno.
Jana asubuhi nimemwona kwenye barabara kuu,
roli la ngozi begani, kofia mkononi,
analikimbilia basi,
na amelipata.